Ukimya ndio unaowafelisha vijana wetu wa fizikia na hisabati vyuoni

Kila wanafunzi wa sayansi wa mwaka wa kwanza wanapopita nyumbani kusalimia, wengine wametoka Dodoma, wengine Mbeya, wengine hapahapa Mlimani, nina swali moja ambalo huwa nawauliza kabla chai haijafika mezani. Ukirusha embe juu, likapanda mpaka likafika mwisho wa safari yake, kabla hata halijaanza kurudi chini, kwa nukta ile moja mchapuko wake ni kiasi gani? Yaani mwendo wake unabadilika kwa kiwango gani kila sekunde? Karibu wote hunijibu haraka: "Sifuri, shangazi. Si pale juu limesimama?"

Hawa si vilaza. Ni vijana waliotoka kidato cha sita na alama za juu za fizikia. Mwulize huyohuyo embe lililorushwa kwa mwendo wa mita 20 kwa sekunde litapanda umbali gani, anachukua kalamu, na muda si muda anakupa jibu: mita 20 na kidogo. Ni jibu sahihi. Fomula anaijua. Lakini kama pale juu embe halina mwendo wala mchapuko, kitu gani kitalishusha? Lingebaki linaning'inia hewani. Mwendo wake kweli ni sifuri kwa nukta ile, ila dunia haijaacha kulivuta hata kidogo. Mchapuko ni uleule wa 9.8 uliokuwepo lilipotoka mkononi, na ndio utakaokuwepo mpaka litue.

Nikishaeleza hivyo, kijana hutulia kidogo, kisha husema maneno yanayoniumiza kila ninapoyasikia: hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali la namna hiyo. Miaka ya sekondari yote, tuisheni za likizo, muhula mzima wa chuo kikuu, na hakuna aliyemtaka aseme kwa kinywa chake anadhani nini kinatokea.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Fizikia na hisabati za mwaka wa kwanza ni masomo magumu, hilo halina ubishi, lakini kinachowaangusha vijana wetu si ugumu huo. Ni ukimya. Tumejenga madarasa ambamo mmoja anasema, mamia wananakili, na asiyeelewa anajifunza haraka kuficha kutoelewa kwake. Tukitaka wahandisi, madaktari na walimu wanaojua wanachokifanya, kazi ya kwanza ni kuwafanya wanafunzi wa mwaka wa kwanza waseme, waulize, wabishane. Mengine yote, majengo, kompyuta, hata vitabu, yanafuata nyuma ya hilo.

Kutoka kipanga hadi sapu

Tuwafuate vijana hawa tangu walikotoka. Kwa mwanafunzi wa PCM, yaani fizikia, kemia na hisabati, kidato cha tano na cha sita ni vitabu vya Nelkon na Backhouse na rundo la pepa za miaka ya nyuma. Mwalimu anayesifiwa ni yule anayejua maswali yanavyojirudia. Mwanafunzi anayesifiwa ni yule ambaye akiona kamba, kapi na mizigo miwili, mkono unaanza kuandika kabla akili haijauliza chochote. Siwalaumu walimu wala wanafunzi. Mtihani wa Mei ndio unaoamua nani ataingia chuo na kwa kozi ipi, na shule inapimwa kwa idadi ya daraja la kwanza.

Baada ya mtihani inakuja miezi ya JKT na ya kusubiri udahili, kisha chuo kinafunguliwa. Wiki mbili za kwanza ni za kutafuta chumba, kusaini fomu na kusubiri bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu. Anapotulia, anakuta mhadhiri ameandika ubaoni herufi mbili za Kigiriki, epsiloni na delta, naye anathibitisha jambo ambalo kijana alidhani halihitaji uthibitisho kabisa. Kidato cha sita aliambiwa tumia kanuni hii upate jibu. Sasa anaulizwa kwa nini kanuni hiyo ni kweli, na tangu lini ni kweli, na ni wapi inapokoma kuwa kweli. Hajawahi kuulizwa hivyo maishani.

Ukumbi umejaa. Waliochelewa wamekaa kwenye ngazi, wengine wako mlangoni na daftari wameliegemeza ukutani. Mhadhiri anageuka na kuuliza, "Tuko pamoja?" Ukumbi mzima unaitikia ndiyo. Hawako pamoja. Kila mmoja anadhani jirani yake ameelewa, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuonekana kilaza mbele ya watu ambao wote, huko walikotoka, walikuwa vipanga. Mficha uchi hazai, walisema wazee, na hapa watu mamia wanauficha kwa pamoja, mchana kweupe, wakiitikia ndiyo.

Usiku huo kundi la WhatsApp la darasa linachangamka. Nani ana madesa ya mwaka jana? Nani ana pepa za huyu dokta? Hakuna anayeandika kwamba hajaelewa delta inafanya kazi gani pale. Watu wanapiga msuli mpaka alfajiri, na msuli wenyewe ni kukariri majibu ya maswali ambayo mwaka huu hayataulizwa vilevile. Mkeka wa matokeo ukitoka, kipanga wa mkoa mzima ana sapu ya hisabati na sapu ya fizikia. Atarudi kuzifanya wenzake wakiwa likizo. Akishindwa tena anabeba somo kwenda nalo mwaka wa pili, na wapo wanaodisko, yaani wanaoondolewa chuoni, kabla hata hawajazoea njia ya kutoka bwenini kwenda darasani.

Mambo yaliyowachanganya hata waasisi

Ningependa kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aambiwe siku ya kwanza kwamba kinachomchanganya kiliwachanganya watu wakubwa kuliko yeye. Chukua kalkulasi, mlango wa kuingilia karibu kila kozi ya sayansi na uhandisi. Kiini chake ni swali ambalo hata kondakta wa daladala anaweza kuliuliza. Gari limetoka Kimara hadi Kivukoni kwa saa nzima, wastani wa mwendo tunaupata kwa kugawa umbali kwa muda. Lakini mshale wa dashibodi unapoonyesha 60 sasa hivi, nukta hii, unagawa umbali gani kwa muda gani? Katika nukta moja gari halijaenda popote, na muda haujapita. Sifuri kwa sifuri. Mwalimu wa sekondari alitukataza kabisa kugawa kwa sifuri, na hapa ndipo kalkulasi inapoanzia.

Tuliangalie kwa karibu. Embe likidondoka mtini, umbali linaoanguka ni karibu mara 5 ya kipeo cha pili cha muda. Baada ya sekunde 2 limeanguka mita 20. Baada ya sekunde 3 lingekuwa mita 45, kwa hiyo kati ya hapo wastani ni mita 25 kwa sekunde. Punguza muda. Kati ya sekunde 2 na 2.1 linaanguka mita 2.05, wastani ni 20.5. Punguza tena, kati ya sekunde 2 na 2.01, wastani ni 20.05. Endelea kupunguza na namba inaisogelea 20, haiivuki na wala haiiachi mbali. Hiyo 20 ndiyo mwendo wake katika sekunde ya 2. Hatukugawa sifuri kwa sifuri hata mara moja. Tuliangalia hesabu inaelekea wapi. Hiyo ndiyo dhana ya kikomo, na zile herufi mbili za Kigiriki kazi yake ni kulisema hilo "inaelekea" kwa lugha isiyoacha mwanya wa ubishi.

Newton na Leibniz waliitumia hesabu hii katika karne ya 17, na kitabu kikuu cha Newton kikatoka mwaka 1687. Mwaka 1734 Askofu Berkeley wa Ireland aliandika kuwashambulia, akiuliza hivyo vitu vidogo wanavyovigawa ni kitu au si kitu. Alikuwa na hoja. Jibu lililonyooka lilianza kupatikana kwa Cauchy, Mfaransa, mwaka 1821, na likakamilishwa baadaye na Weierstrass, Mjerumani. Yaani wanahisabati bora wa Ulaya walichukua zaidi ya karne moja kulinyoosha jambo ambalo sisi tunamtaka binti wa miaka 19 kutoka Nachingwea alikubali ndani ya saa moja, bila swali. Akiinua mkono na kusema haelewi unagawaje kwa kitu kinachokwenda sifuri, ameuliza swali la Berkeley. Anastahili kujibiwa kwa heshima ileile.

Swali la kijana wa Magamba

Nchi hii ina kisa kinachopaswa kusimuliwa katika kila mhadhara wa kwanza wa fizikia, na nashangaa ni wanafunzi wangapi hawakijui. Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa finyu. Siku moja, akihofia kuikosa, Mpemba akaingiza maziwa yake yakiwa bado moto. Aliporudi kuyaangalia, yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake, yaliyoingizwa bila kuchemshwa, bado yalikuwa uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, akauliza tena, darasa likiwa linasoma kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu. Mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, akikosea hata hesabu ndogo, darasa linamcheka kwa jina lake. Fikiria uzito wa hilo kwa kijana wa umri ule. Wangapi wangenyamaza pale?

Hakunyamaza. Aliingia maabara ya baiolojia, akachukua bika mbili ndogo, akajaribu mwenyewe kwa maji. Kisha akaja mgeni kutoka Chuo Kikuu kishiriki cha Dar es Salaam, mwanafizikia Denis Osborne, kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama mbele ya wote na kumuuliza: ukichukua maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, kiasi kilekile, ukayatia kwenye friji, kwa nini ya nyuzi 100 ndiyo yanayoganda kwanza? Wenzake wakaona aibu kwa niaba yake.

Kilichotokea baada ya hapo ndicho ninachokipenda zaidi. Osborne hakuamini, lakini hakumdhalilisha. Aliahidi kulijaribu. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi fundi wa maabara, na fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yameganda kwanza, ila akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu lililo sahihi. Maneno hayo ya fundi yanatuhusu sote, na nitayarudia hivi punde. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao pamoja, na mpaka leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la yule kijana. Wanafizikia bado wanabishana. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya na kusema hawakuona ushahidi wa kutosha. Hilo halimpunguzii Mpemba kitu. Nusu karne ya ubishi wa wataalamu imetoka kwenye swali lililochekwa darasani.

Sasa rudi kwa yule fundi. Maneno yake ndiyo yanayotawala maabara zetu za mwaka wa kwanza. Wanafunzi wanaita kupika data. Kundi linapewa kamba na uzito, wanaambiwa wapime muda wa kubembea ili wakokotoe mvutano wa dunia. Saa ya kusubiri vifaa ni ndefu, ya kupima ni fupi, na kila mtu anajua mwalimu anataka 9.8. Basi wanaanzia kwenye 9.8 na kurudi nyuma, wanabuni namba, wanachora grafu iliyonyooka kama rula, wanapata alama nzuri. Wameambiwa bila kuambiwa kwamba maumbile si ya kuulizwa, ni ya kukubaliana na kitabu.

Na kipimo hicho hakihitaji maabara ya mamilioni. Uzi wa mita 1, jiwe, na saa ya simu. Vuta jiwe kidogo pembeni, liachie, hesabu mara 20 kwenda na kurudi. Utapata kama sekunde 40. Ukipata 43, usizifute. Jiulize uzi ulipimwa mpaka wapi, mpaka fundo la juu au mpaka katikati ya jiwe? Ulianza kuhesabu kwa moja au kwa sifuri? Katika kujibu maswali hayo mawili kijana anajifunza fizikia zaidi kuliko katika kurasa kumi za ripoti iliyopikwa.

Wenzetu walikuta nini

Kuna wanaodhani tatizo hili ni la umaskini wetu. Hapana. Eric Mazur, profesa wa fizikia wa Harvard, alikuwa akisifiwa na wanafunzi kwa mihadhara mizuri tangu miaka ya 1980. Kisha akasoma kazi ya wenzake wa Arizona waliotunga maswali mepesi ya kani na mwendo, yasiyo na fomula, ya maisha ya kawaida. Lori zito likigongana na gari dogo, lipi linalisukuma jingine kwa kani kubwa zaidi? Jibu ni kwamba kani ni sawa kwa yote mawili. Ni kanuni ya tatu ya Newton, ambayo kila mwanafunzi wake angeweza kuikariri usingizini. Alipowapa mtihani huo, mwanafunzi mmoja akamuuliza ajibu kwa jinsi alivyofundishwa au kwa jinsi anavyofikiri yeye mwenyewe. Harvard, wanakokwenda wateule wa Marekani, vijana walikuwa na fizikia mbili kichwani, ya darasani na ya duniani, na hazijawahi kukutana.

Mazur hakuongeza vitabu wala hakupunguza wanafunzi. Kuanzia mwaka 1991 alibadili matumizi ya saa yake. Anaeleza kidogo, anauliza swali moja la maana, kila mtu anachagua jibu peke yake kimyakimya. Kisha anawaambia: mgeukie jirani yako mwenye jibu tofauti, mshawishi. Ukumbi unalipuka kwa kelele kwa dakika kadhaa, wanachagua upya, na walio sahihi huwa wameongezeka. Mara nyingi mwanafunzi aliyeelewa jana anamweleza mwenzake vizuri kuliko profesa aliyeelewa miaka 30 iliyopita, kwa sababu bado anakumbuka alipokwama.

Na si hisia tu. Mwaka 2014, Scott Freeman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walikusanya tafiti 225 za madarasa ya sayansi, uhandisi na hisabati vyuoni. Katika madarasa ya kusikiliza tu, wanaofeli walikuwa wastani wa asilimia 33.8. Katika yale ambayo wanafunzi wanashirikishwa kujibu na kujadili, asilimia 21.8. Katika kila wanafunzi 100, wapatao 12 waliokoka.

Najua jibu la wahadhiri wetu, na ni jibu la watu waliochoka kwa haki. Madarasa ni makubwa, mtaala ni mrefu, walimu wasaidizi ni wachache. Lakini mbinu ya Mazur ilizaliwa kwenye ukumbi mkubwa. Haihitaji mashine. Mwanafunzi anainua vidole, kimoja kwa jibu la kwanza, viwili kwa la pili. Mtaala utabaki nyuma kidogo, nakubali. Ila mtaala uliokwisha kufundishwa bila kueleweka umekwisha kwa nani? Na wale wanaosema sisi tulisoma hivyohivyo na tukafika, niwakumbushe kwamba wanaozungumza ni waliofika. Waliorudi kijijini na sanduku lao hawaalikwi kwenye vikao vya kupanga mitaala.

Wabishane kwa lugha wanayofikiria nayo

Hapa sitakaa sana, maana mjadala wa lugha nchini kwetu ni mrefu na una watu wake. Mihadhara ni ya Kiingereza na mitihani ni ya Kiingereza, na leo sipendekezi kubadili hilo. Ninachosema ni kwamba dakika zile za kumgeukia jirani ziwe huru. Sikiliza vijana wawili wakibishana kwa Kiswahili kuhusu lile lori na gari dogo: utasikia mifano, utasikia "subiri kwanza", utasikia mmoja akibadili mawazo. Walazimishe kubishana kwa Kiingereza na utasikia sentensi mbili za kitabuni, kisha kimya. Maneno ya kazi yapo. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilichapishwa mwaka 1990. Mhadhiri anayewakemea wanafunzi kwa kujadiliana kwa Kiswahili darasani anazima mjadala wenyewe.

Gharama zinarudi nyumbani

Mzazi aliyeuza korosho za msimu mzima, au ng'ombe wawili, kumpeleka mtoto chuo, hajui epsiloni wala delta. Anajua mtoto amerudi Machi akiwa amekonda na hataki kuzungumzia masomo. Mama anadhani ni mapenzi. Baba anadhani ni makundi mabaya. Kumbe kijana ana sapu mbili na anaona aibu kuzitaja kwa watu waliomfanyia sherehe ya kumuaga. Ukimya wa darasani umehamia sebuleni.

Akidisko, hasara haiishii kwenye nauli. Aliyesomeshwa na Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, deni halimwachi kwa sababu hakumaliza. Anaondoka bila shahada na deni liko palepale. Mwenzake aliyehitimu akipata ajira rasmi hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka limalizike. Yeye atalipa kwa kazi ipi?

Lakini hasara kubwa zaidi ni ya yule aliyefaulu bila kuelewa. Wengi wanaosoma fizikia na hisabati vyuoni kwetu wanasomea ualimu. Mkwawa yenyewe, ile shule alikochekwa Mpemba, ilifanywa chuo kikuu kishiriki cha elimu mwaka 2005, na kazi yake ni kulea walimu. Kijana aliyepita kwa madesa na data za kupika ndiye atakayesimama mbele ya kidato cha pili pale Tandahimba au Kibondo. Atafundisha alivyofundishwa. Mtoto akiuliza kwa nini, ataambiwa akariri. Kisha kila matokeo ya kidato cha nne yakitangazwa tunashika vichwa kuona hisabati, ambayo kwa miaka mingi wanaofaulu hawafiki hata theluthi ya watahiniwa. Tunawalaumu watoto. Mzunguko ulianzia kwenye ukumbi ulioitikia ndiyo.

Na jamii nzima inalipa. Mama anayechukua mkopo wa kausha damu wa shilingi milioni 1 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi, riba ikiongezwa juu ya deni, baada ya mwaka anadaiwa zaidi ya milioni 3.1. Hiyo ni hesabu ya mwaka wa kwanza kabisa. Je, mwanawe msomi anaiona pale sebuleni, au anaijua tu ikiwa imeandikwa kwa herufi kwenye pepa? Dereva wa bodaboda anayekimbia kilometa 80 kwa saa anadhani anahitaji nafasi mara mbili ya kusimama kuliko akienda 40. Anahitaji mara nne: kwenye lami nzuri iliyokauka, kama mita 9 zinakuwa kama 36, bila kuhesabu muda wa kushtuka. Aliyeelewa kipeo cha pili anaweza kumweleza ndugu yake hilo kijiweni akaeleweka. Aliyekariri hawezi.

Kwa hiyo ombi langu linakwenda kwa wakuu wa idara za fizikia na hisabati, kabla ratiba ya Oktoba haijabandikwa. Wapeni mwaka wa kwanza walimu wenu wazoefu na wenye subira, msiwatupie wasaidizi walioajiriwa juzi. Gaweni semina ziwe za vikundi vidogo ambavyo mwalimu anajua majina, na humo mwanafunzi asimame ubaoni atatue swali wenzake wakimhoji. Toeni alama kwa data ya kweli hata ikiwa mbaya, na mnyime data nzuri isiyoelezeka. Kila mhadhara uwe na swali moja ambalo ukumbi mzima utalibishania.

Wazazi wenzangu, mtoto akirudi likizo kimya, msimuulize amepata ngapi kwanza. Muulizeni amekwama wapi, na mumsikilize hata kama hamwelewi neno. Na ninyi wanafunzi mnaoanza mwaka huu: tafuteni wenzenu watatu, mkae kila jioni na swali moja gumu badala ya majibu ishirini ya kunakili, na mnaposhindwa wote, nendeni ofisini kwa mhadhiri mkagonge mlango. Analipwa kwa kazi hiyo. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Mhadhiri akiuliza kama mko pamoja na hamko pamoja, inueni mkono mseme hapana.